Kibuyu cha Chura Kwenye Harusi ya Kinyonga

Mliokaa, mmekaa?

— Tumekaa.

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo.

Basi nimebeba kisa.

— Kitue tukipokee.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa bado wakialikana harusi, palikuwa na kikundi kimoja cha ngoma. Nungunungu alipiga ngoma, Nyenje alipuliza zumari, na Chura aliimba. Kwa mila ya huko, bibi harusi hakanyagi bila wimbo. Akitoka mlangoni huimbiwa mpaka akae mkekani. Wimbo ukikoma njiani, naye husimama hapo hapo.

Wimbo wenyewe ni huu, na ninyi mtanisaidia:

Njoo mwali, njoo,
uani kumefagiwa,
mkeka umetandikwa,
njoo tukupokee.

Masika, maji yakiwa tele, sauti ya Chura ilikuwa tamu ajabu. Kiangazi ilimkauka, akabaki anakwaruza. Akaogopa kwamba wenzake watatafuta mwimbaji mwingine.

Masika moja akaokota kibuyu kando ya chemchemi. Ukikiimbia ukakiziba, siku utakayokizibua kinaimba vile vile ulivyoimba. Msiniulize kiliwezaje. Mimi nilipouliza nilitumwa maji. Chura akaimba humo wimbo wote, akakiziba kwa gunzi. Kiangazi kilipoingia, akakificha nyuma ya ngoma. Wenzake walijua, wakanyamaza, maana nao walipenda kusifiwa.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya Swala. Chura akazibua kibuyu, akawa anafumbua na kufumba mdomo tu. Swala akafika mkekani upesi, akasimama kungoja wimbo uishe ndipo akae. Hakuna aliyejali. Watu wakasema, sauti ya Chura kiangazi hiki imezidi.

Harusi ya pili ilikuwa ya Kanga. Shangazi zake wakaomba ubeti wa mkeka urudiwe, wapate kucheza kidogo. Kibuyu hakina masikio, kikaendelea na safari yake. Shangazi wakaulizana kama Chura siku hizi anaringa. Lakini sauti ilikuwa tamu, wakamsamehe.

Harusi ya tatu ilikuwa ya Kinyonga.

Kinyonga huyu alichekwa kwa mwendo wake tangu utotoni. Akipita, wenzake walimwiga, mguu juu, mguu chini. Alikaribia kuikataa harusi kwa kuogopa ule uwanja tu. Kabla ya siku yenyewe akamwendea Chura.

"Baba Chura, mwendo wangu unaujua," akamwambia. "Utaningoja?"

"Nitakungoja, mwanangu," Chura akajibu. Na alisema kwa moyo wake wote, maskini. Hakukumbuka kibuyu.

Siku ikafika. Kinyonga akatoka mlangoni amependeza, kijani kibichi mwili mzima. Kibuyu kikaimba:

Njoo mwali, njoo,
uani kumefagiwa...

Akainua mguu, akatua. Akainua wa pili, akatua. Akainua wa tatu, na wimbo ukaisha.

Kinyonga akabaki mguu hewani, katikati ya uwanja, mkeka uko mbali kule. Chura alikuwa amemkodolea macho hata akasahau kuziba. Huku mdomo wake umefumbwa, sauti yake ikasikika nyuma ya ngoma, maneno aliyomwambia mkewe siku ile kabla hajakiziba: "Mama Viluwiluwi, uji umepoa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Walimcheka Chura, lakini Kinyonga alidhani anachekwa yeye. Ule ukijani ukamtoka, akawa rangi ya vumbi.

Chura aliona aibu, ndiyo. Ila alipoiona rangi ile, aibu yake ikawa kitu kidogo. Akaja mbele, akafungua koo lake kavu.

Njoo mwali, njoo...

Ilikuwa sauti mbaya, jamani. Ilikwaruza kama chungu kinaposuguliwa mchanga. Lakini alimtazama miguu. Mguu ukiwa juu, aliushikilia wimbo. Ukitua, aliuachia. Nungunungu akaipunguza ngoma, Nyenje akavuta zumari polepole. Wageni waliona Chura anachoka, wakampokea, wakaimba wote. Shangazi wa Kanga wakapata ubeti wao, wakaurudia mpaka basi.

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeuvuka uwanja wote Kinyonga alipokaa mkekani, kijani tena, hata zaidi ya asubuhi.

"Umeningoja," akasema.

Chura hakuweza kujibu. Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

Haikurudi tena, na ndiyo maana hadi leo chura anakwaruza, hata masika. Kibuyu kikawa cha kuchotea maji. Na kinyonga, mtazameni, kila akiinua mguu husita kwanza. Anasikiliza kama yupo wa kumngoja.

Fundisho ni hili: wimbo wa kibuyuni hata uwe mtamu vipi, haukuoni. Anayekuimbia hana budi kukuona.

Kisa nimekitua, mgongo umepoa. Atakaye akibebe.

— Tumekibeba.