Tope Lililobaki Ukingoni

Waliokuwapo kando ya mtaro wa Msufini Bondeni, Jumamosi ile kabla ya masika, ni hawa. Bwana Evarist Kanuti Mkude, mwenyekiti wa mtaa, aliyevaa buti mpya za mpira. Mkewe, Bibi Demetria Mkude, katika kiti chake cha magurudumu, akiwa na ndoo ya maji ya kunywa mapajani. Bwana Prosper Kobelo, mwalimu wa kwaya, pamoja na wanakwaya kumi na wanne. Bwana Gaspari Lukoa, mpiga picha. Na Mama Eufrasia Mbiki, mfagiaji wa kituo cha basi, ambaye hakualikwa. Alikuwa kazini kwake tu, hatua thelathini kutoka hapo. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Kiroba. Jina lake ni Eufrasia. Nawataja mmoja mmoja kwa sababu baadaye watu wengi sana walisema walikuwapo.

Sasa sikilizeni, ndugu zangu.

Mtaro huo unakwenda sambamba na barabara ya mabasi ya umeme. Mnayajua mabasi hayo. Hayatoi moshi, hayapigi kelele, na sakafu yake iko chini, sawasawa na ukingo wa kituo. Kabla hayajaletwa, Bwana Evarist alikuwa akimbeba mkewe mgongoni kila anapokwenda kliniki, na watu wa gari wakimvuta mikono kama wanaopakia gunia. Siku basi la umeme lilipofika mara ya kwanza, Bibi Demetria alisukuma magurudumu yake mwenyewe, akaingia, akageuka, akamwona mumewe bado amesimama kituoni na mikono ameinyoosha.

"Baba Leokadia," akamwambia, "rudi nyumbani. Mimi nitarudi saa nane."

Mwenyekiti alirudi akitabasamu njia nzima. Aliyemuuliza anacheka nini alijibiwa, "Mke wangu amekwenda mjini." Ndivyo alivyosema, kama mtu anayetangaza harusi.

Lakini basi lenye sakafu ya chini halivuki maji yanayofika magotini. Na mvua zetu zimebadilika, hilo halihitaji msomi. Mvua tuliyozoea kuipata kidogo kidogo kwa wiki tatu, siku hizi inamwagwa yote adhuhuri moja. Mwaka uliotangulia barabara ya Bondeni ilizama mara mbili. Ndipo ikaja barua kutoka kwa wenye mabasi, nayo ilikuwa fupi: barabara ikifungwa na maji zaidi ya siku tatu katika masika yoyote, basi litakuwa likigeuzia Shuleni, juu kule. Mnaujua mlima wa Shuleni. Mwenye miguu yake anaupanda akihema. Mwenye magurudumu je?

Kwa hiyo Bwana Evarist aliita watu, na watu wakaja. Wala tusiwadharau, maana walifanya kazi kweli. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita waliingia mtaroni, tope likiwafika kiunoni, wakachota kwa makoleo na mabeseni huku kwaya ikiimba. Walitoa tope, chupa, matairi, hata godoro zima. Vyote wakavirundika ukingoni, rundo refu kama ukuta. Bwana Gaspari akawapanga mbele ya ule ukuta, mwenyekiti katikati, akapiga picha.

Mama Eufrasia akaja na ufagio wake begani. Akatazama lile rundo kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mwenyekiti, hongereni. Na hili mnalipeleka wapi?"

"Tulipeleke wapi tena, Mama? Limeshatoka."

"Halijatoka. Limepanda juu kupunga upepo."

Wanakwaya wakaangua kicheko. Bwana Evarist hakucheka. Mgongo ulikuwa unamuuma, na buti zake mpya zilikuwa zimejaa tope ndani.

"Mama, wewe una kituo chako, sisi tuna mtaro wetu. Je, tukija kukufundisha kufagia utafurahi?"

"Nitafurahi sana, mwanangu. Mafagio yapo mawili."

Akainama, akajaza kiroba kimoja cha tope, akajitwika, akaenda nacho nyuma ya kituo. Huko maji yalikuwa yameula ukingo wa barabara mpaka lami ikawa inaning'inia. Akakilaza kiroba chake pale palipoliwa, akakikanyaga kwa miguu, akachomeka juu yake kipande cha mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Kisha akarudi kufagia. Wengine walikuwa wameshanawa, wanakunywa soda.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne, saa saba mchana. Bwana Evarist alikuwa dirishani kwake, na kutoka pale aliuona ukuta wake. Aliuona ukilowa, ukilainika, kisha ukianza kuteleza taratibu, bila haraka yoyote, ukirudi mtaroni kama mtu aliyesahau kofia ndani ya nyumba. Godoro ndilo lililotangulia. Likaziba mdomo wa kalavati, na maji yakapanda barabarani.

Bibi Demetria alikuwa ndani ya basi, anarudi kliniki. Dereva, Bwana Shomari Kitwana, alisimamisha gari ukingoni mwa maji, akazima mota, akashuka kuomba msaada. Wanaume wanne wakambeba, wawili kiti, wawili yeye mwenyewe, maji yakiwa mapajani, mwavuli wa mtu ukimdondoshea matone shingoni. Mumewe alimpokea ng'ambo.

Walipofika nyumbani, Bibi Demetria alibadili nguo kwanza.

"Wamenibeba vizuri," alisema. "Hawakunidondosha. Lakini sikuwa nimeomba kubebwa, Baba Leokadia. Nilikuwa nimeshaacha."

Barabara ilifungwa siku mbili. Ikabaki moja, na masika yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Hapo, ndugu zangu, mwenyekiti alikuwa na njia mbili. Angeweza kuilaumu mvua, mvua hailalamiki. Au angekwenda kituoni. Je, wewe ungekwenda wapi?

Alikwenda kituoni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kiroba kitupu mkononi.

"Shikamoo, Mama Eufrasia."

"Marahaba. Mpiga picha yuko wapi?"

"Nimekuja peke yangu."

"Na kiroba kimoja?"

"Cha kuanzia."

Mama Eufrasia akachukua kile kiroba akakikung'uta, kana kwamba hata kiroba kitupu hakikuwa kisafi vya kutosha. "Sikiliza, mwanangu. Basi linapita kila baada ya dakika kumi na mbili. Watu wanasimama hapa wanatazama njia, kana kwamba kutazama ndiko kunakolivuta basi lije. Kutoka mtaroni hadi nyuma ya kituo ni hatua thelathini. Kiroba kimoja, dakika tano. Maji ya kunawa nitateka mimi."

"Watu wamevaa za ofisini, Mama. Watakubali?"

"Wewe umevaa nini?"

Mwenyekiti alikuwa amevaa suruali yake nyeupe ya mikutano. Akaikunja hadi magotini, akashuka.

Asubuhi ile walibeba wawili. Asubuhi ya pili walikuwa sita, mmoja wao karani wa mahakama aliyevua koti na kulitundika kwenye nguzo ya kituo. Wiki ya pili hakuna aliyepanda basi Msufini Bondeni kabla ya kupeleka kiroba chake. Mgeni aliyesimama tu aliulizwa kwa upole, "Ndugu, unaumwa mgongo?" naye alishuka haraka. Na Bibi Demetria? Yeye alikuwa akipakiwa viroba viwili mapajani, akavisukuma hatua zote thelathini, akavishusha, akarudi kuchukua vingine. Kwaya ikampigia makofi siku ya kwanza. Akawaambia, "Makofi baadaye, kwanza sogeeni, mmenizibia njia."

Nyuma ya kituo viroba vilipangwa safu juu ya safu, na Mama Eufrasia alivikanyaga kimoja kimoja. Mabingobingo yakashika. Ukingo uliokuwa umeliwa ukasimama imara.

Aprili ikaja mvua ambayo mnaikumbuka wote. Siku tatu mfululizo. Mitaa mingine ilikatika. Watu walilala shuleni na misikitini, na jirani zetu wa ng'ambo ya pili walivuka kwa kamba. Siku ya kwanza Bwana Evarist alisimama kituoni na mwavuli, akitazama mtaro. Maji yalipanda, mekundu, yenye kishindo. Yakafika robo tatu ya mtaro. Yakakaa hapo hapo. Yakapita kwenye kalavati yakaenda zake. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, basi la Bwana Shomari Kitwana likateremka mlima wa Shuleni taa zake zikiwaka, likasimama sawasawa na ukingo, likafungua mlango. Bibi Demetria akasukuma magurudumu, akaingia.

Bwana Shomari alitoa kichwa dirishani. "Mwenyekiti! Mjini wanasema Bondeni haipitiki!"

"Waambie," akajibu Bwana Evarist, "waambie umepita."

Nani hapa hakutembea kifua mbele wiki ile? Nilimwona hata mtu asiyewahi kushika koleo akielekeza wageni: kwetu ni Msufini Bondeni, kule ambako basi halikukoma kupita. Ilikuwa fahari halali. Sikusudii kuipunguza.

Wenye mabasi wakatuma watu waje waone. Bwana Gaspari Lukoa naye akaja na kamera yake. Akazunguka mtaro, akazunguka kituo, akarudi kwa mwenyekiti amechanganyikiwa.

"Mzee, nipige picha ya nini? Siku ile kulikuwa na rundo. Sasa naona mtaro mtupu na majani tu. Kazi yenyewe iko wapi?"

Bwana Evarist, ambaye alipenda picha kuliko mtu yeyote ninayemjua, akatazama ukingo wa mtaro. Ulikuwa safi, umefagiwa.

"Hiyo ndiyo kazi," alisema. "Huioni."

Ndugu zangu, na sisi tulio humu kanisani? Kila Kwaresima tunashuka mtaroni. Tunaingia kiunoni, tunatoa tope, tunalia machozi ya kweli. Sisemi ni ya uongo. Kisha tunalirundika wapi? Wewe uliyeacha ugomvi na ndugu yako, mbona bado unajua kwa ufasaha kila neno alilokuambia mwaka ule? Umeliweka ukingoni. Wewe uliyeacha chupa, mbona bado unamtembelea yuleyule mnywaji mwenzako kila Ijumaa, kusalimia tu? Liko ukingoni. Tunalionyesha hata kwa wenzetu: tazameni nilivyotoa tope jingi. Tunapigwa picha mbele yake. Na mvua ya kwanza inapokuja, tunashangaa.

Toba isiyolipeleka tope mahali pengine ni kazi ya nusu siku. Libebe. Hatua thelathini, kiroba kimoja kimoja, kila asubuhi, ukiwa umevaa nguo zako nzuri. Na ukishalifikisha, usilitupe ovyo: lile lile lililokuwa likikuzamisha linaweza kushikilia barabara ya mwenzako. Aliyekuwa mlevi akae na mlevi. Aliyepatana na ndugu yake awapatanishe wengine. Huko ndiko nyuma ya kituo.

Wala msitoke hapa mkisema leo tumehubiriwa habari za roho tu. Mtaro upo. Masika yapo mlangoni, na mvua za siku hizi hazitungoji tuwe tayari. Barua ya wenye mabasi haijafutwa. Kesho saa kumi na mbili na nusu mtu atakayefika kituoni atakuta viroba vimekunjwa vizuri juu ya benchi, na ufagio umesimamishwa penye nguzo. Achukue kiroba kimoja. Na mmoja wetu achukue ufagio.

Mama Eufrasia Mbiki alifariki dunia Alhamisi, saa tisa alasiri.