Kisima cha Walioachwa

Kaeni vizuri, na anayetaka hadithi ya kumbembeleza akaitafute kwingine. Hii naisimulia nikiwa na hasira, na nikifika mwisho kazi itakuwa yenu.

Katika kijiji cha Igunda palikuwa na watu watatu. Nyemo miguu yake ilikufa akiwa mtoto, akawa anatambaa; viganja vyake viliijua ardhi kuliko nyayo za mtu yeyote. Mwaluko alikuwa kipofu, lakini mabega yake yangeangusha fahali. Chilewa alikuwa na kifua kibovu, hatua kumi kikohozi, hatua kumi kikohozi, ila vidole vyake vilisuka chochote, kuanzia tenga hadi paa la nyumba.

Mwaka wa ukame kijiji kikahama. Asubuhi hiyo Nyemo alikaa mlangoni akimngoja kaka yake, Mbeho, aje kumbeba. Mbeho alikuja. Akaingia zizini, akajitwika mabegani mbuzi aliyevunjika mguu, akapita.

"Kaka, na mimi je?"

"Tutarudi kukuchukua, dada. Vumilia kidogo tu."

Nyemo hakulia. Alimtukana mpaka sauti ikakauka, na alikuwa na haki.

Mwaluko na Chilewa nao waliachwa, wakaitwa mzigo. Wakabaki hao watatu, na mtungi mmoja wa maji.

Nyemo akatambaa hadi kwenye korongo lililokauka. Siku mbili alipapasa mchanga, viganja vikachubuka vikatoa damu, hadi alipohisi ubaridi chini ya ukingo mmoja. "Hapa," akasema. "Na kama si hapa, basi nizikeni hapa hapa."

Mwaluko akashuka na jembe. Giza la shimo halikumtisha, maana alilizoea tangu azaliwe. Alichimba siku nane, na kila jioni alipopanda juu alishindwa hata kushika kata ya maji.

Lakini mchanga wa korongo huporomoka. Siku ya tatu ulimfukia Mwaluko hadi shingoni, akajinasua kwa nguvu za mabega yake. Chilewa akakata fito, akakohoa, akapumzika, akakata tena. Akasuka ukuta wa duara na kuushusha kadiri shimo lilivyozama, mchanga usipate pa kupita.

Siku ya nane maji yakatoka. Wakanywa, wakacheka kama wendawazimu. Wakapanda mboga kando ya korongo, na kwa miezi mitatu hakuna aliyeitwa mzigo.

Kisha kijiji kikarudi. Huko walikokwenda kulikuwa kukavu zaidi.

Sasa, Igunda kisima hakigawanywi. Mwenyewe huwa mmoja. Hufunga nguo yake kwenye mdomo wa kisima, hupewa kiti barazani, na bila ruhusa yake hachoti mtu. Watu walisimama pale, midomo imepasuka, wakiyatazama maji bila kuyagusa. Kuwaacha wenzao walithubutu. Kuvunja mila ya kisima hawakuthubutu!

"Mtajeni mwenyewe," akasema Mzee Lechipya, mkuu wa kijiji, "tupate kunywa."

"Nikiwa mimi, wanywe wote," akasema Chilewa. "Najua adha ya mtu kuhema. Na bila ukuta wangu hili lingekuwa kaburi la Mwaluko."

"Nikiwa mimi, watoto wanywe," akasema Mwaluko. "Wakubwa wachimbe chao. Jembe nitawaazima. Ukuta wako ungezunguka nini, kama si shimo langu?"

Nyemo alikuwa akimtazama Mbeho.

"Na shimo lako ungelichimba wapi, Mwaluko? Nikiwa mimi, hanywi mtu mpaka atambae kwa mikono kutoka kijijini hadi hapa. Kila mmoja, na wewe mzee. Waijue hiyo njia."

"Dada, utatuua," Mbeho akasema.

"Mimi sijaua mtu. Nyinyi ndio mliojaribu."

Wakabishana, na kila mmoja alisema kweli. Nguo zilikuwa tatu na mdomo wa kisima mmoja. Jua likapanda, mtoto mmoja akaanguka kwa kiu, na bado hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Haya, nimemaliza yangu. Msiniambie wagawane, mila mmeisikia. Wala msiniambie Nyemo asamehe, kama hamjawahi kuachwa mlangoni. Mtajeni mmoja, mkijua kwamba kwa kumtaja mnaamua pia nani atakunywa. Nguo ya nani ifungwe? Wewe uliyekaa hapo umenyamaza, ungeamua vipi?