Shokapu za Van ya Chausiku

Van ya Chausiku ilitoka Japani ikiwa imeshazeeka. Shokapu zilipokufa, za kuiingia alikuwa nazo Mbaruku peke yake, tajiri wa spea pale Muheza.

"Siuzi," alisema Mbaruku. "Niuzie van kwa bei ya skrepa, au endelea kurukaruka."

"Sawa, bosi, Ijumaa nakuletea. Kesho narudi na gari tupu kutoka Korogwe. Huna mzigo nikubebee bure?"

Mbaruku hakupenda cha bure kimpite. "Niletee mama mkwe wangu."

Kesho yake mama mkwe alishuka dukani ameshika kiuno.

"Unisamehe, mama," alisema Chausiku. "Shokapu anazo mkweo. Kasema niendelee kurukaruka."

Mbaruku aliinamisha kichwa, akachukua spana, akajilaza uvunguni.

"Funga zote nne, baba," alisema mama mkwe. "Jumapili narudi na gari hilihili."