Bibi Tusajigwe na Mwana Asiyejulikana Alipo

— Paukwa!

— Pakawa!

— Mmesogea karibu?

— Tumesogea!

— Basi tulieni, maana hadithi hii ina mahali pa kupotea, na mimi mwenyewe huwa napotea humo.

Zamani, zamani sana, kabla barabara haijapanda mlimani kwetu, palikuwa na kijiji cha migomba na ukungu. Asubuhi ukungu. Jioni ukungu. Kanisa lilikuwa la matete na nyasi, na kengele yake kipande cha chuma kilichoning'inizwa mtini. Ngwee! Ngwee! Ngwee! Watu wakaja.

Hapo aliishi mjane mmoja, mzee wa kanisa, jina lake Bibi Tusajigwe. Huyo alikuwa na maneno, jamani. Mtu akifiwa, aitwe Bibi Tusajigwe. Mtoto akiugua, aitwe Bibi Tusajigwe. Alikaa chini, akashika mkono wa mwenye shida, akaomba kwa sauti ndogo, na yule mtu akainuka na nguvu za kwenda kuchota maji.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Ambokile, mrina asali. Ambokile alikuwa na mke, Atupele. Wote watatu walikaa ua mmoja.

Siku moja Ambokile akachukua mundu na kibuyu, akamwita mbwa wake.

"Mama, jioni tutalamba vidole."

"Nenda na Mungu, baba."

Akapanda msituni. Akamezwa na ukungu.

Jioni mbwa akarudi. Ambokile hakurudi.

Kulipokucha, ngoma ikalia. Pu! Pu! Pu! Wanaume wakapanda. Wakaita, "Ambokileee!" Msitu ukajibu, "...kileee!" Wakafika kwenye mzinga wake. Wakakuta majivu ya moto wa kufukuzia nyuki. Wakakuta asali juu ya jani, haijaguswa. Wakakuta mundu umesimama, umekitwa kwenye gogo. Damu hakuna. Nyayo hakuna. Nguo hata kipande hakuna.

"Ni chui," akasema mmoja.

"Chui gani asiyeacha damu?"

"Basi ni mto."

"Mto uko wapi hapa?"

Wakashuka wakitazamana.

Hapo ndipo kijiji kilipochanganyikiwa. Muuza chumvi akaja akasema amemwona Ambokile sokoni, bondeni, amevaa kofia. Furaha! Vigelegele! Lililililii! Kesho yake mwingine akasema yule wa kofia ni mtu mwingine kabisa. Kilio. Mama mmoja akaota Ambokile ndani ya jeneza. Jirani yake akaota Ambokile anacheka. Watu walifika uani kwa Bibi Tusajigwe wasijue waseme pole au waseme nini. Wengine walianza kulia mlangoni, wakawaona wenzao wanacheka, wakanyamaza katikati ya kilio.

Yu hai? Hatujui.

Amekufa? Hatujui.

Atupele alipika ugali wa watu watatu, akautazama, akaupunguza. Kesho akapika wa wawili, akalia, akaongeza unga. Bibi Tusajigwe alimwona, akageuza uso.

Jumapili ikafika. Ngwee! Ngwee! Watu wakajaa kanisani, maana walijua Bibi Tusajigwe ataomba. Akasimama. Akafumba macho.

"Bwana, mrudishe mwanangu..." Akasita. "Bwana, mpokee mwanangu..." Akasita tena. "Bwana, mrudi... mpo..."

Akafumbua macho. Akawatazama watu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akatoka nje. Hata mwalimu wa kanisa alisahau wimbo uliofuata.

Baada ya hapo hakwenda tena. Kengele ililia, yeye akapalilia migomba. Mwalimu wa kanisa, kijana mmoja aitwaye Gwakisa, akaja kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja. Mama, ungeomba tu kwa imani."

"Imani ninayo. Niambie niombe nini. Nikiomba arudi, na kumbe amelala kaburini, namsumbua. Nikiomba apumzike, na kumbe yu hai anavuja damu mahali, namuua kwa mdomo wangu. Niombe lipi?"

Gwakisa alikuwa amekuja na maneno mazuri, yakampotea yote.

"Mama, mimi sijui," akasema. Akachukua jembe la pili, akapalilia naye hadi jua likawa kali, kisha akaenda zake.

Lile "sijui" lilimkaa Bibi Tusajigwe moyoni. Wote walikuwa wamemletea majibu, na hakuna jibu lililodumu hadi jioni. Akaketi pale pale kwenye majani makavu. Hakupiga magoti. Hakutafuta maneno.

"Bwana," akasema, "nimechanganyikiwa. Sijui alipo. Wewe unajua. Nimemshika kama yu hai, nimemshika kama maiti, mikono yangu imechoka. Mshike Wewe. Alivyo, popote alipo, mshike Wewe."

Basi. Hakusikia sauti. Hakuona nuru. Alilala tu, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu mbwa aliporudi peke yake. Alilala mpaka kuku wakaanza kuparua karibu na miguu yake, kwaru, kwaru. Atupele akaja, akamwona ameanguka chini, akapiga yowe.

"Mama! Mama! Umekufa?"

"Sijafa, mwanangu. Nimepumzika."

Atupele akaketi kando yake. "Mama, nami nikuulize. Watu wananiuliza, sina la kujibu. Mimi ni mke au ni mjane?"

"Hilo sijui. Wewe ni mwanangu. Hilo najua. Tuanzie hapo."

Wakalia pamoja. Kisha wakaenda kupika.

Lakini ukoo haukutulia. Mzee Mwaijande, ndugu wa marehemu mume wa Bibi Tusajigwe, akaita kikao. Akaja na shina la mgomba limeviringishiwa sanda, kama walivyofanya watu wa kale kwa aliyepotea.

"Shemeji," akasema, "tuzike hili badala yake. Tunyoe nywele, tumalize. Na Atupele arithiwe na ndugu wa mumewe, kama desturi."

Atupele akainamisha kichwa.

"Shemeji," akasema Bibi Tusajigwe, "kwa nini una haraka?"

Mzee Mwaijande alitaka kukasirika. Badala yake akaketi chini. "Silali, shemeji. Yule mtoto nilimfundisha mimi kupanda miti na kurina asali. Nikizika kitu, chochote, labda nitalala."

Bibi Tusajigwe akamwendea, akamshika mkono, kama zamani.

"Simziki mtu nisiyejua kama amekufa. Na simfungi huyu binti kwa mtu asiyemtaka. Akitaka kukaa, akae. Akitaka kurudi kwao, nitamsindikiza mwenyewe. Ila wewe, shemeji, tuombe mimi na wewe. Sema ninavyosema. Bwana, Wewe unajua alipo."

"Bwana," akasema yule mzee, machozi yakimdondoka, "Wewe unajua alipo."

"Mshike."

"Mshike."

Wakarudia. Wakarudia tena. Watu wakaanza kuitikia, mmoja mmoja. Shina la mgomba likabaki chini pale, mbuzi akaja akalitafuna, na hakuna aliyemfukuza.

Atupele alikaa. Ngwee! Ngwee! Bibi Tusajigwe akarudi kanisani. Maneno yake yalikuwa yamepungua. Mtu akimwuliza kwa nini Mungu ameruhusu hili au lile, alisema, "Sijui, tuketi." Waliketi. Na walizidi kuja, hata kutoka vijiji vya mbali, mama walioachwa na wana waliokwenda vitani, watu walioachwa na ndugu waliokwenda kutafuta chakula wakati wa njaa. Wote aliwafundisha yale maneno machache.

Yapo mawimbi ya huzuni yaliyomrudia. Siku nyingine alisikia mluzi msituni, akatoka mbio, akasimama njiani hajui aende wapi. Alisimama, akasema, "Unajua alipo," akarudi ndani.

Miaka ikaenda. Bibi Tusajigwe akazeeka, akalala kitandani. Atupele akamlisha uji kwa kijiko. Watu wakajaa mlangoni.

"Mama," Atupele akauliza, "unaogopa?"

Bibi Tusajigwe akatabasamu, tabasamu la mtu anayejiandaa kwa safari ya kutembelea watu.

"Mwanangu, nimekaa miaka yote bila kujua. Sasa nakwenda kuuliza."

Akafumba macho.

Ambokile alikwenda wapi? Msiniulize, nami sijui. Ila funzo nalijua, sikilizeni. Mambo yakikuchanganya, usimtafutie Mungu maneno mazuri. Mwambie umechanganyikiwa, umwachie kilichokulemea, kisha ukae na mwenzako anayelia.

Hadithi yangu imeketi hapo, nami naketi nayo.