Vikombe Viwili vya Senzighe

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana maabara zilishafika, Upareni aliugua moyo bwana mmoja, Senzighe. Miguu ilimvimba, pumzi zikawa fupi. Wawili wakaapa hatakufa: mama yake, Namsifu, na mkewe, Nakiete, mkemia.

Namsifu alichimba mzizi wa dawa wa ukoo, akauchemsha. Nakiete akachukua kipande kwa siri, akakipeleka maabara, akakisaga, akakichuja, akatenganisha kilichomo. Akakipata kile kinachotia moyo nguvu: kidogo ni dawa, kikizidi ni sumu. Akarudi kwa adabu. "Mama, naomba mzizi ule usichemshwe tena. Unanitia hofu."

"Haya, mwanangu," akasema Namsifu. Haya gani! Kesho yake yuko nyuma ya jiko, anachochea moto.

Basi asubuhi mama analeta kikombe: "Kunywa, mkeo asijue." Senzighe ananyamaza, anakunywa. Jioni mke analeta kikombe, dawa ileile aliyoitoa kwenye mzizi, ameipima sawasawa: "Kunywa, mama asijue." Senzighe ananyamaza, anakunywa.

Moyo ukaanza kupiga na kusita, kupiga na kusita. Wakamkimbiza hospitali. Nakiete akavipima vikombe vyote viwili. Kila kimoja peke yake kingemponya. Viwili pamoja vilikuwa vinamuua.

Ukoo ukakaa. Baba mkubwa Kangalu akafoka: "Mwenye kosa hatamuuguza!"

Namsifu akalia: "Nimewapa watu mzizi huu miaka yote, hajafa mtu. Kama mkamwana angeniambia naye anampa, ningeacha. Kwa nini aliuchukua kwa kificho?"

Nakiete akajibu: "Nilimwomba aache, akasema haya. Ningemchunguza mama mkwe, si ningekuwa nimemwita mwongo?"

Senzighe naye alikuwa ametuma neno kutoka kitandani hospitalini: "Nilijua vyote viwili. Kukataa cha mama ni kukataa radhi. Kukataa cha mke ni kuvunja nyumba. Kosa ni langu, waacheni."

Mara simu ikalia. Hospitali wanasema hali imebadilika, aje mtu mmoja tu, upesi. Wanawake wote wawili wakasimama, kanga viunoni, wakamtazama Kangalu. Kangalu akainamisha kichwa.

Sasa semeni nyinyi, na msinijibu "wote", maana kimeruhusiwa kichwa kimoja na mgonjwa hasubiri. Je, kosa lilikuwa la nani, na nani alistahili kwenda?