Kanisius na Fahali wa Mtakatifu Yosefu

Mfungo wa nyama haupimwi kwa maharage.

Mliisikia jana kwenye kikao cha jumuiya. Yule bwana, ambaye hata ufunguo wa ghala hajawahi kukabidhiwa, alisimama akajisifu kwamba tangu azaliwe hajawahi kula rushwa. Mama Restituta akamjibu kwa maneno hayo, na wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ninyi vijana mlicheka kwa kufuata mkumbo, na leo mnauliza methali hiyo imetoka wapi. Msidhani ilitoka kwa wahenga wenye ndevu hadi kiunoni. Ilitoka kinywani mwa mwanafunzi mwenye njaa, na chanzo chake ni hiki.

Katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Yosefu, kule Luhangalo milimani, palikuwa na kijana aitwaye Kanisius Hyera. Alikuwa na akili, alikuwa na sauti nzuri ya kuongoza rozari, na shati lake lilinyooka hata siku za kwenda shamba. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alipenda wema wake uonekane. Akisali, alipiga magoti benchi la mbele. Akitoa sadaka, aliidondosha sarafu kutoka juu ili ilie vizuri kwenye kikapu.

Shule ile ilikuwa na desturi. Jioni ya Jumatano ya Majivu wanafunzi wote walikusanyika bwaloni, na kila mmoja alisimama akataja kitu atakachokiacha mpaka Pasaka. Mwaka huo mlezi wa kiroho alikuwa Padre Landelini, padre kijana mwenye miwani, mgeni kabisa pale shuleni. Alikaa mbele, akimsikiliza kila mmoja na kuitikia kwa kichwa, kwa upole.

Mmoja alisema ataacha kuwapa wenzake majina ya utani. Mwingine ataacha mpira, na timu yake ikaguna kwa uchungu. Kisha akasimama Gaudensi Ndunguru, kijana mfupi, mcheshi, aliyekaa kitanda cha jirani na Kanisius.

"Mimi naacha sukari kwenye uji," alisema.

Bwalo lilicheka. Ule uji wa asubuhi ulikuwa mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na kijiko kile kimoja cha sukari ndicho kilichowatoa vijana vitandani.

Kanisius hakucheka. Alimwonea Gaudensi huruma, kama tajiri anavyomhurumia mtu aliyekuja harusini na zawadi ya kiberiti. Zamu yake ilipofika aliinuka taratibu, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Padre, mimi naacha nyama. Nyama ya aina yoyote. Hata ikiletwa mbele yangu imeungwa, sitaigusa mpaka Bwana atakapofufuka."

Kisha huko nyuma mtu akakohoa, na wa pili akakohoa, na mara bwalo zima likapatwa na kifua. Maana Luhangalo wanafunzi walikula ugali kwa maharage. Jumatatu maharage, Alhamisi maharage, na Jumapili maharage yenye kitunguu, kwa heshima ya siku ya Bwana. Nyama waliiona pale tu ng'ombe wa shule alipovunjika mguu, na ng'ombe wa shule ile walikuwa waangalifu mno.

Lakini Padre Landelini hakuyajua hayo. Yeye alikula katika nyumba ya mapadre, na mezani pale kuku na mbuzi walikuwa wageni wa kawaida. Alivisikia vikohozi akadhani ni masihara ya vijana wasio na dini.

"Mnacheka nini?" alisema kwa ukali. "Mwenzenu kaacha nyama! Kuanzia leo Kanisius ndiye msimamizi wa mfungo wa shule nzima."

Kanisius aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ila si chini sana, asije akaonekana vibaya.

Kazi ile aliishika kwa mikono miwili, na wenzake wakambandika jina la Mfungaji. Kila asubuhi alipita kati ya meza akichungulia vikombe vya uji. Kwa Gaudensi alisimama muda mrefu zaidi.

"Ndugu yangu, mwili ni punda," alimwambia. "Ukimlegezea kamba, atakula mahindi ya jirani."

"Sawa, Mfungaji. Lakini punda wangu anasikia harufu ya mahindi kila siku. Wa kwako amefungwa jangwani," alijibu Gaudensi.

Meza ilicheka. Kanisius aliyahesabu maneno hayo kuwa wivu.

Asubuhi moja alimkuta Gaudensi anaramba mgongo wa kijiko cha sukari, macho kayafumba kama mtu anayepokea komunyo. Kanisius hakumvuta pembeni. Alipanda juu ya benchi.

"Jamani, tazameni! Mimi nimeacha nyama, nyama nzima nzima, na huyu kashindwa na mgongo wa kijiko!"

Gaudensi alikiweka kijiko chini. "Nimeanguka," alisema. "Kesho naanza upya. Niombee." Na kesho yake alianza upya, akiunywa uji wake bila sukari na uso umemkunjamana kama mtu anayemeza kwinini. Kanisius aliendelea kula maharage yake kwa amani ya watakatifu.

Sasa, Mtakatifu Yosefu ndiye aliyekuwa somo wa shule, mtakatifu aliyeipa jina lake, na sikukuu yake huangukia Kwaresima. Kwa kawaida waliiadhimisha kwa misa na wimbo mrefu, basi. Mwaka huo zikaja habari kwamba Baba Askofu mwenyewe angekuja kutoa kipaimara siku hiyo, na waumini wa parokia, kwa furaha, wakachanga wakanunua fahali.

Fahali yule aliletwa mchana wa jua kali, mweusi, mnene, nundu inatikisika. Wakamfunga nyuma ya jiko. Kuanzia saa hiyo wanafunzi walikwenda kumtazama makundi kwa makundi kama mahujaji. Walimpa majani, wakamsifia mapaja. Kanisius naye alikwenda, kumtazama tu kama kiumbe wa Mungu. Mpishi Tadei, mwanamume mwenye kitambi na domo la soko, akamwona.

"Ahaa, Mfungaji! Umekuja kumuaga? Hebu niambie, figo lako nimpe nani?"

"Mpe yeyote, Mzee Tadei. Mimi sina haja nalo," alisema Kanisius. Lakini mate yalimjaa kinywani, ikabidi ameze kwanza ndipo sauti ipate njia.

Hapo ndipo alipoanza kuona hali ilivyo. Kwao Kanisius alikuwa mtoto wa muuza nyama. Alikulia kwenye harufu ya mishikaki. Akila nyama mbele ya shule nzima, jina la Mfungaji litageuka kichekesho, na Gaudensi ndiye atakayepanda juu ya benchi. Asipokula, fahali mweusi atapita mbele yake kipande kwa kipande, na mwingine wa namna hiyo hatamwona tena mpaka amalize shule.

Akaamua kwenda kwa Padre Landelini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Karibu, Kanisius."

"Nimekuja kuuliza jambo kwa niaba ya mwanafunzi mmoja. Hakupenda nimtaje. Naye ameacha nyama."

"Kumbe mko wawili!" Padre alifurahi. "Mungu asifiwe. Anasemaje?"

"Anauliza, siku ya somo wa shule, si Kanisa lenyewe linaruhusu watu kula?"

"Linaruhusu."

Moyo wa Kanisius uliruka kama ndama aliyefunguliwa.

"Lakini," Padre aliendelea, "mfungo ule si wa Kanisa, ni wake. Yeye mwenyewe aliahidi nini?"

"Kwamba hata ikiletwa mbele yake, hataigusa."

"Basi kajijibu."

Kanisius alikuna shingo. "Na mchuzi, Padre?"

"Mchuzi wa nini?"

"Wa nyama. Bila nyama yenyewe. Umepita tu karibu yake."

"Mchuzi wa nyama ni nyama iliyoyeyuka, mwanangu."

"Na utumbo?"

Padre alivua miwani akamtazama vizuri. "Huyo mwenzako anaumwa?"

"Anaanza kuumwa, Padre."

"Maskini. Basi hili ndilo tutakalofanya. Siku hiyo wewe utakaa meza kuu, kando ya Baba Askofu. Mwenzako huko aliko atakutazama wewe, naye atapata nguvu."

Kanisius alitoka pale akiwa na mzigo mkubwa kuliko aliokuja nao.

Sikukuu ilifika. Misa ilikuwa ndefu, na katikati ya mahubiri upepo uligeuka ukatoka upande wa jiko. Kanisa zima lilivuta pumzi kwa pamoja. Wimbo wa kutoka uliimbwa haraka kuliko ulivyopata kuimbwa tangu shule ijengwe.

Bwaloni Kanisius aliketi meza kuu, kifungo cha juu kimefungwa, Baba Askofu kulia kwake na Padre Landelini kushoto. Mpishi Tadei alikuja mwenyewe na bakuli kubwa, akalifunua taratibu mbele ya Kanisius, kwa makusudi kabisa. Mvuke ulimpiga usoni. Vipande vilikuwa vinene, vina mafuta pembeni, vimekolea rangi. Kabla Kanisius hajafungua kinywa, Tadei alikuwa ameshampakulia sahani, na juu yake kaweka figo.

"Kula, mwanangu," alisema Baba Askofu, mzee mwenye macho ya kucheka.

"Hatakula, Baba Askofu," alisema Padre Landelini kwa fahari. "Huyu ndiye kijana niliyekuandikia habari zake. Tangu Majivu hajagusa nyama."

"Loo! Hongera sana," Askofu alisema. Akaliangalia bwalo, jinsi vijana walivyokuwa wakila, hakuna anayezungumza, mifupa inapasuka. Akamrudia Kanisius. "Na siku za kawaida hapa mnakula nini?"

Meza za karibu zikanyamaza. Gaudensi, aliyekaa meza ya mbele, akainua macho.

Kanisius angeweza kusema chochote. Angeweza kusema "chakula cha kawaida, Baba Askofu," nayo yangepita. Lakini wakati huo aliona kitu. Kwa heshima ya sikukuu kulikuwa na chai, na bakuli la sukari lilikuwa linazunguka kwenye meza ya Gaudensi. Lilipomfikia, Gaudensi aliliangalia kidogo, akaweka kiganja juu ya kikombe chake, akalisukuma kwa jirani. Hakuna aliyempigia makofi. Hakuna hata aliyemwona, isipokuwa Kanisius.

"Maharage, Baba Askofu," alisema.

"Jumapili je?"

"Maharage. Yana kitunguu."

"Na nyama?"

"Nyama ndiyo hii."

Padre Landelini aliweka uma chini. Alimtazama Kanisius, akalitazama bwalo, akakitazama kipande cha nyama kwenye sahani yake kama kitu alichokiona kwa mara ya kwanza.

Askofu alijitahidi asicheke, mabega yakamsaliti. "Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unaacha kitu ambacho hakikuwepo?"

"Ndiyo, Baba Askofu." Sauti ya Kanisius ilikuwa ndogo, lakini bwalo lilikuwa kimya, kila mtu alisikia. "Mfungo wa nyama haupimwi kwa maharage. Mimi nimeanza kufunga leo, Mzee Tadei alipofunua bakuli."

Hapo Baba Askofu alicheka mpaka akavua kofia yake ya zambarau. Bwalo likamfuata. Alipopata pumzi alimwekea Kanisius mkono begani.

"Umesema kweli, na leo ni sikukuu. Ukitaka, nakufungulia mfungo huo sasa hivi. Ninayo mamlaka."

Kanisius aliliangalia figo. Wasimulizi wanasema aliliangalia kwa muda wa kusali Salamu Maria nzima. Kisha alisimama, akaichukua sahani, akateremka mpaka meza ya Gaudensi, akaiweka mbele yake.

"Kula, ndugu. Ule mgongo wa kijiko, nisamehe."

Gaudensi hakumbembeleza hata kidogo. "Umesema nile?"

"Kula. Ila kula haraka, kabla punda wangu hajakata kamba."

Kanisius alirudi mahali pake akala ubwabwa mtupu, machozi yanamlengalenga, na watu wakadhani ni toba. Toba ilikuwepo, lakini pilipili ya fahali yule nayo ilikuwa hewani.

Tangu siku hiyo Padre Landelini alihamishia chakula chake cha mchana bwaloni pamoja na wanafunzi. Wiki ya kwanza alikonda. Wiki ya pili alianza kuomba aongezewe mchuzi wa maharage.

Pasaka ilipofika, Kanisius alitoka kanisani mbio, mfungo umekwisha, Bwana amefufuka, akaingia bwaloni akafunua sahani yake. Maharage. Yana kitunguu. Fahali alikuwa ameshaliwa zamani, na pesa za parokia zilikwenda naye.

Wenzake walianza kukohoa. Lakini Gaudensi aliingia kutoka jikoni, kashika kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba.

"Figo nililila siku ile, sikuweza kujizuia, nisamehe," alisema. "Lakini vipande vingine nilimpa Mzee Tadei akavikausha juu ya moshi. Vyako hivi, Mfungaji."

Nyama ile ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu. Kanisius aliitafuna tangu mchana mpaka kengele ya masifu ya jioni, taratibu, macho kayafumba. Na Gaudensi, kando yake, alikunywa chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kikasimama chenyewe.

Wanafunzi waliyachukua maneno ya Kanisius wakarudi nayo makwao, yakatembea kutoka parokia hadi parokia mpaka yakafika kwa Mama Restituta. Basi mkimsikia mtu akijisifu kwamba hajawahi kuanguka, msimbishie. Muulizeni tu kwa adabu kama aliwahi kupita penye utelezi. Akibabaika, mpeni maneno ya yule kijana wa Luhangalo aliyeketi mbele ya figo na njaa yake: mfungo wa nyama haupimwi kwa maharage.