Fundi Baiskeli na Watu Arobaini

Ndugu zangu, fungeni Biblia kidogo, mweke kidole msije mkapoteza ukurasa. Nataka kuwapa mfano. Mimi darasa la saba nililichungulia dirishani tu, lakini mifano Mungu alinipimia kwa debe. Huu wa leo kuna mhubiri mmoja wa mjini aliuomba akanisindikiza mpaka kwangu, nikamnyima. Sikilizeni ninyi mliobahatika.

Palikuwa na fundi baiskeli mmoja. Mke wake alikuwa amefariki miaka mingi, na nyumbani walibaki wawili, yeye na kijana wake. Kijiji chao kilipakana na shamba la mkonge la tajiri mmoja. Tajiri huyo alizaliwa palepale, alicheza vumbi lilelile, lakini alipopata alisahau vumbi. Akaweka uzio wa waya, akaifunga njia ya kwenda mtoni. Wanawake wakawa wanazunguka kilima kizima kwa ndoo moja ya maji.

Asubuhi moja kijiji kikaenda kwenye uzio kupiga kelele. Watu arobaini hivi. Yule kijana wa fundi alikuwa mbele, ameshika waya. Tajiri akatoka barazani, akainua mkono, akamwambia mlinzi wake neno moja: "Piga." Mlinzi akapiga. Kijana akaanguka, hakuinuka tena.

Polisi walipokuja, mlinzi alikuwa ameshatoroka. Tajiri akasema bunduki ilifyatuka yenyewe. Afisa akawageukia watu: "Nani aliona?" Ee, ndugu zangu! Siku ile kila mtu alikuwa anajikuna kifundo cha mguu.

Wakazika. Wakakaa matanga siku tatu, wakala, wakalia, wakaimba. Siku ya nne turubai likakunjwa, masufuria yakarudi kwa wenyewe, na fundi akabaki na ua uliofagiliwa vizuri.

Mnajua upweke, au mnausikia? Fundi alikuwa akisonga ugali anakuta amepima unga wa watu wawili. Wateja wake nao walibadilika. Zamani mtu akileta baiskeli alikaa kwenye gogo, akapiga soga mpaka kiraka kikauka. Sasa walisimama, wakatazama pembeni, wakachukua baiskeli na gundi bado mbichi. Hawakumchukia. Hawakujua waseme nini, basi. Wengine wakaanza kwenda kwa fundi wa kijiji cha pili ili wasikutane na uso wake. Ikafika mahali yule baba anaongea na magurudumu. "Na wewe umetoboka wapi? Hebu niambie." Gurudumu linamjibu kwa pumzi kidogo, kisha linanyamaza.

Halafu alasiri moja jirani mwenye sauti kubwa akaingia uani na wenzake wawili. Wakaketi. Wakasema habari za tajiri. Kesho yake wakaja saba. Wiki ile haijaisha ua umejaa, watu arobaini walewale! Fundi akaazima viti vya kwaya, akaazima vikombe, akanunua sukari kilo nzima, mtu ambaye alikuwa anakunywa chai ya chumvi. Kila alasiri aliwasikia wakisimulia.

"Mimi nilisimama hapa, yeye pale. Mkono ule niliuona kwa macho haya mawili!"

"Wewe uliona mkono, mimi nilisikia neno. 'Piga.' Limenikaa sikioni mpaka leo."

Na kila siku waliona zaidi ya jana. Fundi alimimina chai, akacheka walipocheka. Alijua mazungumzo yanakokwenda, maana hakuwa mjinga. Lakini walikuwa wanamwita kwa jina la kijana wake, baba fulani, baba fulani, na tangu mazishi hakuna aliyemwita hivyo.

Ikatokea mama yake tajiri akafariki. Kijiji kikasusa. Mnajua kwetu kaburi halichimbwi na kibarua, linachimbwa na majirani. Basi hakuna jirani aliyechukua jembe. Wakata mkonge nao wakabaki majumbani. Ndugu zake wa mjini walikuwa bado njiani, na walinzi wake aliwatuma kufuata jeneza. Habari ikafika uani kwa fundi: tajiri yuko makaburini peke yake, anachimba mwenyewe.

Jirani mwenye sauti kubwa akasimama. "Baba, siku ndiyo hii. Chukua jembe, atadhani umekuja kumsaidia. Ukifika unajua la kufanya. Na shimo liko tayari."

"Kwa nini mimi?" fundi akauliza.

"Wewe ndiye mwenye uchungu. Sisi tuko nyuma yako."

"Nyuma yangu umbali gani?"

Watu wakacheka, wakampiga piga mgongoni. Hakuna aliyetaja umbali. Jembe likanolewa, akakabidhiwa. Naye fundi akatazama vile viti vyote vimejaa, akafikiri, nikikataa, kesho vitakuwa vitupu. Akaenda. Ndugu zangu, yule baba hakupelekwa na hasira peke yake. Aliogopa kurudi kuongea na magurudumu.

Akamkuta tajiri ndani ya shimo, limefika magotini, limepinda kama mfereji uliochimbuliwa na kuku. Shati jeupe limekuwa la udongo, viganja vimechubuka, damu imeshika mpini. Kando, chini ya shuka, mama yake amelala kwenye mkeka. Tajiri akainua macho, akaona jembe, machozi yakamtoka.

"Ahsante ndugu yangu. Nilijua angalau mmoja hatakosekana."

"Unanijua mimi?"

"Wewe si... fundi baiskeli?"

"Mimi ni baba yake yule wa kwenye uzio."

Tajiri akalitazama jembe tena, sasa akaona makali yake. Hakukimbia. Akaketi ndani ya shimo, akasema, "Basi ngoja kwanza mama azikwe."

Fundi akainua jembe. Akageuka kutazama nyuma. Njia ilikuwa nyeupe, haina hata mbwa. Hao waliokuwa nyuma yake walikuwa nyuma hasa, wanakunywa chai. Akaona yatakayofuata, mlolongo mzima: akipiga, kesho afisa atauliza nani aliona, na kijiji kitajikuna vifundo. Jela ataingia mmoja. Na mbele yake alikuwa amekaa mtu asiye na wa kumsaidia kufukia maiti wake. Alimchukia mtu yule. Alimchukia zaidi kwa kuwa walifanana siku ile.

Jembe likashuka. Likashuka kwenye udongo.

"Sogea," fundi akasema. "Kaburi halichimbwi hivyo."

Wakachimba mpaka likafika kifuani. Walipomaliza, tajiri akapeleka mkono mfukoni. Fundi akamwambia, "Toa mkono huo kabla sijabadili mawazo! Mke wangu alipofariki, mama yako alikuja na mzigo wa kuni kichwani, kwa miguu yake. Nimemchimbia yeye. Wewe tutaonana mbele ya hakimu, ukarudie neno ulilosema barazani."

Tajiri akapangusa uso. Mtu wa aina hii hata kaburini hesabu zake hazimpotei. Akasema taratibu, "Huna shahidi."

"Ninao arobaini," akasema fundi, akaondoka.

Uani walikuwa wanamngoja. "Vipi? Yuko wapi?"

"Anamzika mama yake."

"Umemwacha? Amekaa shimoni na umemwacha?" akafoka jirani. "Umetuaibisha, fundi! Leo tungekuwa mashujaa."

"Mngekuwa nani? Mimi ningekuwa mahabusu, ninyi mngekuwa hapahapa. Lakini sikilizeni, baba zangu, kaka zangu. Naenda kufungua kesi. Mkono mliuona. Neno mlilisikia. Twendeni wote tukaseme mchana kweupe, na majina yetu."

Wa kwanza akasema siku ile jua lilimpiga machoni. Wa pili, shemeji yake anafanya kazi ofisini kule shambani, mnajua tena. Wa tatu alikuwa anasimulia alivyosikia kwa wenzake. Jirani mwenye sauti kubwa akaipoteza sauti, akakumbuka ng'ombe wake. Wakainuka mmojammoja. Yule wa mwisho, mtu muungwana, aliomba samahani kabla ya kutoka.

Fundi akaenda mahakamani peke yake. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani. Akasoma karatasi, akauliza, "Mzee, mashahidi wako wako wapi?"

Fundi akageuka. Benchi la mashahidi lilikuwa tupu, limepanguswa vumbi.

"Wanakuja, mheshimiwa," akasema.

"Unaniambia kweli, mzee?"

"Wanakuja."

Hakimu akavua miwani, akamtazama sana. Akaahirisha kesi mpaka Alhamisi.

Sasa naona mnamtafuta tajiri ili mumlaani. Mlaanini, ruksa. Alifunga njia ya maji, akaamuru damu imwagike, na Mungu amekasirika kabla yetu. Sijasimama hapa kuwaambia hasira ni dhambi, na anayewaambia wenye njaa wanyamaze ili tajiri alale, huyo ana mfuko wake wa kujaza. Ila naiuliza hasira yetu sisi. Ni hasira gani hii inayoweza kumwazima mtu jembe la kuulia, lakini haiwezi kumwazima ulimi wa kusemea? Tulimkuta baba wa watu amekauka kwa upweke, tukamnywea chai yake, tukamfanya panga letu. Tunapenda kuua, wapendwa, kwa sababu kunahitaji mtu mmoja na sisi tunabaki kupiga makofi. Haki inahitaji wote arobaini, kila mmoja na uso wake. Tukaona haki ni ghali, tukachagua damu, tena kwa mkono wa mwenzetu.

Alhamisi hakimu atauliza tena. Yule baba atageuka tena kutazama benchi. Nani anakwenda?

Nasikia mnasema amina. Sikuomba amina. Nimeomba majina.